Historia ya arpejieta, kutoka nyatiti hadi kinanda cha kanisa letu

Najua niliahidi kuandika kuhusu hifadhidata, na bado nitaandika. Lakini Jumapili iliyopita kulitokea jambo kanisani ambalo limeninyima usingizi, na kwa kuwa hapa tunaongea mambo ya mashine, acha niwasimulie upande wa mashine.

Mimi hupiga kinanda katika kanisa moja dogo hapa Buruburu. Si fundi sana. Shahada yangu ni ya sayansi ya kompyuta, na muziki nilijifunza kwa kumtazama aliyenitangulia na kwa kubonyeza kila kitu hadi kitoe sauti. Kinanda chenyewe kilinunuliwa mtumba, na kina swichi moja ambayo kwa miaka yote hakuna aliyeigusa. Imeandikwa ARPEGGIO. Wiki nzima nilikuwa nimeichezea nyumbani nikiwa na hedfoni masikioni, nikafurahi kama mtoto. Unashika vitufe vitatu, unatulia, na kinanda chenyewe kinaanza kuvipiga kimoja kimoja, tiritiri-tiritiri, kama maji yanayoanguka juu ya mabati. Nikasema Jumapili kwaya itanijua.

Basi Jumapili ikafika. Wimbo wa kwanza wa sifa nikaweka mwendo 96, yaani mipigo 96 kwa dakika, nikawasha swichi, nikakanyaga pedali ili sauti iendelee hata nikiondoa vidole. Mwanzoni watu waligeuka kutazama. Kisha mpiga ngoma wetu, ambaye tumesoma naye tangu shule ya msingi, akaingia. Mnajua sifa za Eastlands: hazikai pale zilipoanzia. Kayamba zikapanda, makofi yakapanda, ngoma ikapanda. Kutoka 96 wakafika 100 na hawakujua. Kinanda kikabaki 96. Piga hesabu: kwa sekunde 15, mwendo wa 96 ni mipigo 24 na mwendo wa 100 ni mipigo 25. Kwa hiyo kila robo dakika nilikuwa nyuma kwa mpigo mmoja mzima, na katikati ya hapo nilikuwa kila mahali isipokuwa mahali pazuri. Nikaondoa vidole kwa aibu. Kinanda kikaendelea, kwa sababu mguu ulikuwa bado kwenye pedali! Mwalimu wa kwaya akanijia polepole huku akitabasamu kwa waumini, akaniambia bila kufungua meno: "Kijana, zima hicho kitu."

Hilo lingekuwa la kuchekesha tu. Lakini baada ya ibada mzee mmoja wa kanisa, mtu mwema ambaye hana neno baya na yeyote, akauliza swali la kawaida kabisa. Kama kinanda kina ngoma ndani yake, na kama shida ni kwamba kinanda na ngoma havikubaliani, huyu kijana wa ngoma tunamlipia nauli ya nini kila wiki? Wengine wakatikisa kichwa wakionyesha kukubali. Rafiki yangu alikuwa amesimama pale pale anafunga vijiti vyake. Aliniangalia, akasema, "Buda, hiyo mashine yako haisikii."

Nimeamka na sentensi hiyo kila siku tangu Jumapili. Ndiyo maana nimekaa chini kusoma kifaa hiki kimetoka wapi na kwa nini hakisikii.

Tuanze na jina. Arpejio ni neno la Kitaliano linalotokana na arpa, yaani kinubi. Mpiga kinubi mara nyingi hazipigi nyuzi zote pamoja kwa kishindo kama mpiga gitaa anayekwaruza. Huzidonoa moja baada ya nyingine. Kwa hiyo arpejio ni kodi iliyovunjwa vipande. (Kodi ya muziki, si ile ya KRA. Ingawa zote mbili zinahitaji noti.) Kodi ni noti tatu au zaidi zinazolia pamoja. Ukizipanga kwa zamu, umepata arpejio. Na arpejieta ni kifaa, au programu, kinachofanya upangaji huo badala yako wakati wewe umeshika tu vitufe.

Kwa wenzangu wanaoandika programu, kitu chote ni hiki:

vitufe = panga(vilivyoshikwa)
i = 0
kila saa ikigonga:
    piga(vitufe[i])
    i = (i + 1) % idadi(vitufe)

Mistari mitano. Ukitaka noti zishuke badala ya kupanda, unageuza orodha. Ukitaka zipande na kushuka, unaunganisha orodha na nakala yake iliyogeuzwa, bila kurudia noti za ncha mbili. Ukitaka oktavu mbili, unarudia orodha huku ukiongeza 12 kwa kila noti. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kuimaliza kabla ya chai ya saa nne. Kuna mtego mmoja tu wa kufikiria: mchezaji akibadilisha kodi katikati, je, i irudi sifuri au iendelee ilipokuwa? Ukiirudisha, kila kodi huanza na noti yake ya chini, safi, inaeleweka. Ukiiacha iendelee, muziki unatiririka lakini hujui utaangukia wapi. Vinanda hutofautiana katika hili na ndiyo maana kile kinachopendeza kwa kinanda cha rafiki yako hakipendezi kwa chako.

Lakini angalia tena mstari wa tatu. "Kila saa ikigonga." Saa ya nani? Mistari mingine yote ni mpangilio wa noti. Huo mmoja ndio ulioniaibisha mbele ya kanisa.

Upande wa mpangilio, kwetu si jambo geni hata kidogo. Nenda kwenye nyatiti. Ni ala ya Wajaluo yenye nyuzi nane, na mpigaji hukaa kwenye kigoda kidogo akiwa ameilaza ala karibu na sakafu. Vidole vinazunguka kwenye nyuzi vikirudia mtindo mmoja mfupi, dakika baada ya dakika, huku sauti ikiimba juu yake. Hiyo ni arpejio kwa maana kamili ya neno. Na mguuni? Kwenye kidole gumba cha mguu mpigaji huvaa pete ya chuma ambayo hugonga mwili wa ala, na kwenye kifundo huvaa njuga. Mtu mmoja, vidole ndiyo orodha, mguu ndiyo saa. Mwendo ukipanda, vyote vinapanda pamoja kwa sababu vyote vina damu moja. Kama hujawahi kumsikiliza Ayub Ogada, aliyefariki mwaka 2019, tafuta albamu yake En Mana Kuoyo ya 1993. Ziba masikio usisikie maneno, sikiliza zile nyuzi tu.

Watu wa benga walizihamisha nyuzi hizo kwenye gitaa la umeme. D.O. Misiani na Shirati Jazz yake, na wengi wengineo, walipiga gitaa kwa kudonoa noti moja moja kwa kasi, wala si kwa kukwaruza. Kabla yao, mwishoni mwa miaka ya 1950, wapiga gitaa wa Katanga kama Mwenda Jean-Bosco na Edouard Masengo walifika Nairobi na mtindo wao wa vidole viwili: gumba linashika besi, kidole cha shahada kinavunja kodi juu yake. Mwenda alikuwa amerekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 na sifa zake zilikuwa zimemtangulia.

Kisha bendi za Kikongo zikaleta kitu ambacho kwangu mimi ndicho arpejieta halisi ya binadamu: gitaa la mi-solo. Katika bendi hizo kulikuwa na gitaa la solo linalopaa, gitaa la ridhimu linaloshikilia, na katikati gitaa la tatu, mi-solo, ambalo kazi yake ni kuzungusha mtindo mmoja wa noti zilizovunjwa bila kuchoka, likijaza nafasi kati ya hao wawili. Orchestra Super Mazembe walifika Kenya mwaka 1974, Les Mangelepa wakaundwa hapa Nairobi mwaka 1976. Kwa wazazi wetu waliokulia Kaloleni, Makadara na Jericho, hiyo ndiyo sauti ya redio ya utotoni. Mpiga mi-solo hapati makofi. Lakini mwondoe uone kama kuna anayecheza! Na yeye, sawa na mpiga nyatiti, husikia. Ngoma ya kavasha ikianza kukimbia, naye anakimbia.

Sasa tuvuke bahari, maana mashine zenyewe hazikutengenezwa huku.

Kabla ya arpejieta kulikuwa na viungo vya nyumbani vya umeme, vile vya sebuleni Marekani. Kampuni ya Lowrey ilikuwa na kinanda kimoja chenye swichi iliyoitwa Marimba Repeat. Unashika vitufe, na kinanda kinazirudia noti kwa kupokezana, kama mtu mwenye nyundo mbili mbele ya marimba. Mwaka 1971 bendi ya The Who ya Uingereza ilianza wimbo wake Baba O'Riley kwa sauti hiyo, na mpaka leo watu wengi hudhani ni sintesaiza. Mimi kilichonifurahisha ni lile neno kwenye swichi. Marimba ni neno la lugha za Kibantu. Mhandisi wa Marekani alipotafuta jina la kitu kinachovunja kodi na kuirudia bila kuchoka, jina alilolikuta ni letu. (Na kabla hujauliza: Baba wa kwenye wimbo ni Meher Baba wa India, si baba yako.)

Mwaka 1977 Donna Summer akatoa I Feel Love, iliyotengenezwa na Giorgio Moroder na Pete Bellotte kwa sintesaiza ya Moog. Ile besi inayotetemeka mwanzo hadi mwisho mara nyingi huitwa arpejio, lakini mashine iliyoifanya ni sikwensa. Tofauti ni ndogo lakini ina maana kwa mtu wa programu. Sikwensa hucheza orodha uliyoiandika mapema. Arpejieta hutengeneza orodha sasa hivi kutokana na vidole vyako. Moja inasoma faili, nyingine inapokea data ikiwa inaingia.

Na ili kupokea data ikiwa inaingia unahitaji kujua ni vitufe gani vimeshikwa wakati huu. Hapo ndipo kompyuta inapoingia. Sintesaiza nyingi za zamani zilipiga noti moja tu kwa wakati, na kitufe kilikuwa waya wa kupeleka volti. Katika miaka ya 1970 wahandisi wakaanza kuvichukulia vitufe kama swichi zilizopangwa kwa safu, na kitu fulani cha dijitali kikivipitia vyote haraka haraka kuuliza, "wewe umeshikwa? wewe je?" Mwaka 1978 Prophet-5 ya Sequential ilitoka ikiwa na maikroprosesa ya Z80 ndani yake. Mwaka huo huo Roland wakatoa Jupiter-4, yenye sauti nne na neno Compuphonic limeandikwa usoni, ili mnunuzi asisahau kwamba ndani kuna kompyuta. Prophet-5 haikuwa na arpejieta. Jupiter-4 ilikuwa nayo: kupanda, kushuka, kupanda-na-kushuka, na bahati nasibu. Hiyo ya bahati nasibu ndiyo unayoisikia Nick Rhodes akiitumia mwanzoni mwa Rio ya Duran Duran, 1982.

Nafikiri ilitokea hivi. Ukishakuwa na kompyuta inayojua vitufe vilivyoshikwa, arpejieta ni zawadi ya bure. Ile mistari mitano. Nani asingeiweka? Ndani ya miaka michache ikawa kila mahali: Jupiter-8 na Korg Polysix za 1981, Juno-6 na Juno-60 za 1982.

Juno-60 nataka nikae nayo kidogo. Mbele ina sehemu ndogo ya arpejieta: swichi ya kuwasha, kuchagua mwelekeo, kuchagua oktavu moja, mbili au tatu, na kidude cha kusukuma cha kuweka kasi. Hakuna namba ya mwendo. Unasukuma hadi sikio likubali. Lakini nyuma ina tundu dogo la waya, la kupokea saa ya arpejio kutoka nje. Ukichomeka humo waya unaotoka kwenye mashine ya ngoma, kwa mfano TR-808 ya 1980, basi arpejieta haifuati tena saa yake. Husogea hatua moja kila ngoma inapotuma mshtuko. Ngoma ikikimbia inakimbia, ngoma ikinyamaza inasimama katikati ya neno na kungoja.

Niliposoma hilo niliacha kikombe cha chai mezani. Miaka zaidi ya 40 iliyopita kulikuwa na mashine iliyosikia!

Mwaka 1983 ikaja MIDI, lugha ya pamoja ya ala za umeme, iliyosukumwa na Dave Smith wa Sequential na Ikutaro Kakehashi wa Roland. Kwa mara ya kwanza hadharani, sintesaiza ya kampuni moja iliiendesha ya kampuni nyingine kwa waya huo Januari mwaka huo, Prophet-600 na Jupiter-6. Wazee hao wawili walipewa tuzo ya Grammy ya ufundi mwaka 2013. Wote sasa wamefariki. MIDI hutuma biti 31,250 kwa sekunde, na saa yake ni rahisi ajabu: baiti moja, 248, inatumwa mara 24 katika kila mpigo. Kwa mwendo wa 96 hiyo ni baiti moja kila milisekunde 26. Anayepokea anahesabu tu.

Ungetarajia baada ya hapo arpejieta zistawi. Hapana. Juno-106 ya 1984, mdogo wake Juno-60, ilipata MIDI na ikapoteza arpejieta kabisa. Tunaofanya kazi hii tunaujua ugonjwa huo: kiwango kipya kinaingia, na kile kipengele kidogo kilichopendwa kinatupwa kwa kuwa "mtumiaji anaweza kufanya hayo kwa njia nyingine". Ni kweli, anaweza, akiwa na sikwensa na pesa.

Huku kwetu vilivyokuja kwa wingi zaidi ni vinanda vya nyumbani, vyenye spika ndani na mitindo tayari: bonyeza rumba, bonyeza reggae, shika kodi kwa mkono wa kushoto na kinanda kinakuletea ngoma, besi na gitaa. Huyo ni binamu wa arpejieta, ila orodha yake imeandikwa kiwandani. Usimdharau. Casio MT-40 ya 1981 ilikuwa na mtindo mmoja wa roki uliotungwa na mwanamke kijana wa Kijapani, Hiroko Okuda. Mwaka 1985 King Jammy na Wayne Smith wa Jamaika wakautumia kwa Under Mi Sleng Teng, na dancehall ikabadilika moja kwa moja. Kila anayepanda namba 58 kwenda Buruburu usiku, spika zikiwa chini ya kiti, amesikia watoto na wajukuu wa kile kitufe.

Ila kinanda cha namna hiyo kina bei yake ambayo haimo kwenye risiti. Kwa mwenye baa au mwenye arusi, mtu mmoja na kinanda ni nauli moja na sahani moja ya chakula. Ndivyo tulivyopata mugithi wa gitaa la mtu mmoja kwenye baa za Nairobi, ngoma ikitoka kwenye mashine. Ndivyo ilivyokuwa Gulu pia, kaskazini mwa Uganda. Huko, Leo Palayeng na Otim Alpha walichukua muziki wa arusi wa Waacholi, larakaraka, wakaujenga upya ndani ya kompyuta, kwa sababu kukodi kundi zima la wachezaji kulikuwa ghali. Nyimbo za Otim Alpha zilikusanywa kwenye albamu Gulu City Anthems ya 2017, na ni muziki wa ajabu, unakimbia kama umeibiwa. Naupenda. Lakini huwa nawaza pia wale waliobaki nyumbani siku ya arusi.

Kompyuta ndizo zilizoirudisha arpejieta mikononi mwa vijana wasio na pesa ya sintesaiza. FruityLoops, programu iliyoanzishwa na Didier Dambrin wa Image-Line nchini Ubelgiji mwaka 1997 na kubadilishwa jina kuwa FL Studio mwaka 2003, ina arpejieta ndani ya mipangilio ya kila sauti: kupanda, kushuka, oktavu ngapi, kasi gani. Nilipokuwa shule ya upili, nusu ya vijana wa mtaa walikuwa nayo, nakala ya kupeana kwa flashi. Miaka hiyo tulikuwa tumelelewa na genge. Calif Records ya Clemo na Jua Cali ilikuwa pale California, Eastleigh, na ilikuwa imetuonyesha kwamba studio inaweza kuwa chumba tu mtaani. Tatizo la saa halikuwepo kwenye kompyuta zetu, kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine chumbani. Ngoma, besi, arpejio, vyote vilikuwa watumwa wa saa moja. Nimetengeneza nyimbo hamsini hivi bila kugundua kwamba sijawahi kupiga na mtu.

Haya, upande wa vitendo, kwa wale wenye kinanda chenye swichi hiyo na wanaogopa kuigusa. Kwenye Yamaha za PSR-E zenye namba za 400, kama PSR-E433, ipo, na kwingine majina yanakaribiana.

Kwanza chagua sauti inayokatika haraka: gitaa, marimba, kinubi. Ukichagua nyuzi laini za fidla, noti zitapandana na utapata uji. Pili, weka mwendo kabla ya kuwasha, usiwashe kisha ukatafuta. Tatu, pedali: angalia kwenye mipangilio kama imewekwa kurefusha sauti au kushikilia arpejio. Mimi yangu ilikuwa inashikilia, mnajua kilichofuata.

La nne ndilo ninalolipenda, hesabu. Sema kila noti ni robo ya mpigo, na umeshika kodi ya noti tatu, kupanda tu. Mpigo una nafasi nne, orodha ina noti tatu. Noti ya chini haitaangukia mwanzo wa mpigo tena hadi zipite nafasi 12, yaani mipigo mitatu; na kuangukia mwanzo wa kipimo cha mipigo minne kunahitaji nafasi 48, vipimo vitatu kamili. Hilo si kosa, ni tamu, ndilo linalokufanya utikise bega. Lakini kwaya isiyolizoea itapotea. Ukitaka amani, tumia kupanda-na-kushuka: do, mi, so, mi, halafu do tena. Noti tatu zimekuwa hatua nne, zinakaa kwenye mpigo bila ugomvi. Ukishika noti nne kwa mtindo huo unapata hatua sita, na ukibadilisha mgawanyo kuwa wa tatu-tatu, una mzunguko wa chakacha mkononi.

Kisha saa. Kwenye vinanda vingi vya siku hizi kuna swichi ya kugonga mwendo: gonga mara nne kufuata ngoma, kinanda kinajirekebisha. Inasaidia mwanzoni mwa wimbo. Katikati haisaidii, maana mikono imeshikwa. Nikachimba zaidi kwenye mipangilio nikakuta kipengele cha saa ya nje, cha kusubiri zile baiti 24 kupitia waya wa USB. Tahadhari: ukikiwasha na hakuna anayetuma, arpejieta haitoi sauti yoyote na utadhani umekiharibu kinanda. Nilidhani hivyo kwa dakika ishirini.

Juzi Jumamosi nikabeba kompyuta yangu hadi mazoezini. Nimebandika kipaza sauti kidogo cha shilingi chache kwenye ngoma kubwa ya rafiki yangu. Programu niliyoiandika husikiliza kila pigo, hupima muda tangu pigo lililopita, huchukua wastani wa manne ya mwisho, hugawanya kwa 24, na kukitumia kinanda zile baiti. Akaanza 96. Nikashika kodi. Akapandisha hadi 100, kisha 108, akinitazama kwa jicho la kunijaribu, na kinanda kikapanda naye. Akapunguza ghafla. Kikachelewa kidogo, mipigo miwili hivi, kisha kikakubali. Mwalimu wa kwaya alikuwa mlangoni, hakusema kitu, alipiga kofi moja la kuhesabu na kuwaambia sauti ya pili wajipange.

Bado kuna dosari. Akiingiza madoido, mapigo mengi ya haraka mwishoni mwa ubeti, programu inadhani mwendo umeongezeka mara mbili na arpejio inatoka mbio kama kuku. Nimejaribu kupuuza pigo lolote linalokuja kabla ya theluthi mbili ya muda uliotarajiwa. Inafanya kazi mara nane kati ya kumi, na hizo mbili ni mbaya. Kikao cha wazee kuhusu nauli ni Alhamisi. Leo usiku narudi kwenye kile kichujio.